Jina la Jeni Si Ushahidi wa Kazi Yake

Wanaoanza kuchunguza jamii za vijidudu kwa kompyuta hutumia nguvu nyingi kujifunza programu, ilhali programu huzoeleka upesi. Kinachochelewa kuzoeleka ni kupima uzito wa kila jina linalotokea kwenye jedwali la matokeo.

Tuseme umesoma DNA yote ya sampuli ya udongo, ukaunga vipande, ukabaini jeni kwa programu ya Prodigal, kisha ukalinganisha protini zake na hifadhidata ya KEGG kwa programu ya DIAMOND. Jina utakalopewa limeazimwa kwa protini inayofanana na yako, ambayo mara nyingi nayo iliazima kwa nyingine, hadi kuifikia ile iliyopimwa maabara, pengine ya bakteria aliye mbali kabisa na huyo wako. Mfano ninaowapa wanafunzi mara kwa mara ni wa amoA na pmoA. Jeni hizi zina asili moja, lakini kimeng'enya cha ya kwanza huoksidisha amonia na cha ya pili methani, kwa hiyo programu inayotazama alama za mfanano peke yake huweza kukuonyesha waoksidishaji wa amonia mahali walipo walaji wa methani. Hapo chora mti wa ukoo wa protini hizo pamoja na zile zilizothibitishwa, uone yako inaangukia tawi gani. Kazi hiyo si ndefu, nayo huweza kuokoa sura nzima ya tasnifu.

Makadirio yanayotokana na 16S peke yake, yaani jeni moja inayotumika kutambua aina za bakteria, kama yale ya programu ya PICRUSt iliyotolewa mwaka 2013, yanahitaji tahadhari zaidi, kwa kuwa hukisia jeni kutokana na jenomu za jamaa waliokwisha kusomwa. Kwa utumbo wa binadamu jamaa hao ni wengi. Kwa udongo ni wachache.

Wala usizifute jeni zisizo na jina ili jedwali lipendeze. JCVI-syn3.0, bakteria aliyeundwa maabara na kutangazwa mwaka 2016 akiwa na jeni 473 tu, alikuwa na 149 ambazo kazi yake haikujulikana, sembuse jamii yenye maelfu ya spishi. Taja idadi ya jeni hizo zisizo na jina, pamoja na toleo la hifadhidata uliyoitumia, maana uchambuzi uleule ukirudiwa kwa toleo jipya huweza kutoa majina mengine.

DNA huonyesha uwezo, na baadhi yake hutoka kwenye seli zilizokwisha kufa. Ukitaka kudai kwamba jeni inatumika, pima RNA au protini. Ukiwa na DNA peke yake, andika kwamba jamii hiyo ina jeni husika, uishie hapo.