Mradi wa kujitolea kwa skauti kijana: kabla ya kutafuta miche

Mdogo wangu, umesema kikosi chenu kimeshaamua kupanda miti kwenye uwanja wa shule ya msingi, na kilichobaki ni kupata miche tu. Nimelea maskauti kwa muda mrefu, na ninafurahi sana kuona kijana wa umri wako anauliza kabla ya kuanza. Jibu langu ni kwamba miche isubiri kwanza. Nendeni mkaonane na mwalimu mkuu.

Msimpelekee wazo lililokwisha kuiva. Muulizeni shule inasumbuliwa na nini, kisha msikilizeni hadi amalize. Huenda kweli anataka kivuli. Huenda kinachomkosesha usingizi ni vyoo visivyo na mahali pa kunawia mikono, au madawati yaliyolegea. Nimeona vikosi vikipeleka msaada ambao mwenyeji hakuuomba: anashukuru kwa adabu, mnapiga picha, na baada ya hapo kitu kinakosa mwenyewe.

Akisema ni miti, hapo ndipo maswali yanaanza. Ipandwe wapi ili mizizi isije ikapasua ukuta au bomba la maji? Watoto wanachezea upande gani? Maji yako umbali gani? Na swali ninalolipa uzito kuliko yote: shule ikifungwa, nani atamwagilia? Mche uko hatarini zaidi katika kiangazi chake cha kwanza, mizizi ikiwa bado haijashika chini. Kwa hiyo pandeni mvua zinapoanza, na idadi ya miche itokane na watu wa kuitunza, si na pesa mlizochanga. Miti kumi inayomwagiliwa inaishinda mia iliyoachwa ijitegemee.

Jambo la pili linakuhusu wewe binafsi. Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, alipofanya kambi ya majaribio kisiwani Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, aliwagawa wavulana katika vikundi vidogo, kila kimoja kikiongozwa na mvulana mwenzao. Uskauti umesimama juu ya mpango huo mpaka leo. Marekani, tangu mwaka 1965, anayetafuta cheo cha Eagle Scout, ambacho ni cha juu kabisa kwa skauti wa huko, hutakiwa kufanya mradi wa huduma, na siku hizi lazima auongoze mwenyewe na pendekezo lake liidhinishwe kabla kazi haijaanza. Napenda utaratibu huo, maana unapima kuongoza. Ukishinda siku nzima umeinamia jembe, hutaona kwamba wawili wamesimama bila kazi na mmoja amechoka kupita kiasi. Mpe kila mtu kazi yake mapema: wa kuchimba, wa kubeba maji, wa kuhesabu vifaa asubuhi na jioni.

Pigeni hesabu ya vifaa kwa kuanzia mikono iliyopo. Watu ishirini kwa majembe manne maana yake kumi na sita wanatazama. Kazi nyingine haziishi kwa siku moja hata mkiwa wengi. Mkichagua kupaka rangi madawati, kuna kuyasafisha, kuyapiga msasa, kisha kungoja mkono wa kwanza wa rangi ukauke kabla ya wa pili. Mkiharakisha, rangi itabanduka.

Ruhusa za wazazi ziwe kwa maandishi, watu wazima wasipungue wawili, sanduku la huduma ya kwanza liwe karibu, na maji ya kunywa yawepo. Hayo kiongozi wenu anayajua, lakini yakague mwenyewe.

Kabla ya kuondoka uwanjani, kubalianeni na mwalimu mkuu siku ya kurudi kukagua. Iandikeni kwenye karatasi atakayobaki nayo, pamoja na majina ya wanaoshika zamu ya kumwagilia na namna ya kukupata mche ukianza kunyauka.