Bitcoin halali au haramu, na vipi hiyo futures?

Waalaykum salaam ndugu yangu. Umeuliza kama bitcoin uliyonunua ni haramu na kama umfuate jamaa yako anayekuvuta kwenye futures, yaani mikataba ya kubashiri bei ya coin. Kwanza masheikh wenyewe hawajakubaliana, Shawki Allam, Mufti wa Misri wakati huo, aliiharamisha 2018, Indonesia baraza la maulamaa 2021 likasema kuitumia kama pesa ni haramu ila ikiwa bidhaa yenye kitu nyuma yake na faida inayoeleweka inaweza kuuzwa, Malaysia nao 2020 wakaruhusu biashara yake. Kwahiyo anayekwambia "haramu tupu" hajakupa picha yote.

Ila hiyo futures achana nayo kabisa, nakuomba. Cheki inavyokwenda: unaweka dola 100, app inakuongezea mpaka unacheza na 1,000, coin yenyewe huimiliki, bei ikishuka asilimia 10 tu hela yako yote imeliwa, na kila masaa kadhaa unaweza kukatwa ada ya kushikilia. Riba, kamari, kuuza usichokuwa nacho, vyote vinanusa humo humo.

Ile uliyonunua kwa hela yako mwenyewe na ipo kwenye waleti yako ya kidijitali mimi naona ina nafasi, ila muulize sheikh anayejua fiqhi ya biashara, na usimweleze kwa mdomo tu, fungua simu umwonyeshe unavyonunua na unavyouza. Ikifika nisabu, yaani kiwango cha chini cha kutolea zaka, thamani ya gramu 85 za dhahabu, na mwaka umepita, itolee zaka asilimia 2.5.