Kabla ya kukariri miaka ya Zama za Kati, soma kitabu kimoja polepole

Mwaka wangu wa kwanza wa theolojia niliingia kwenye mtihani wa historia ya Kanisa nikiwa na miaka yote kichwani. 1054, Mashariki na Magharibi kutengana. 1077, Mfalme Henry IV wa Ujerumani kusimama siku tatu kwenye baridi ya Januari nje ya ngome ya Canossa, akimwomba Papa Gregory VII amwondolee adhabu ya kutengwa. 1215, Mtaguso wa Nne wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu. Swali likauliza kwa nini mfalme alikubali kudhalilika vile. Sikuwa na la kuandika. Sikujua kwamba ugomvi ulikuwa juu ya nani mwenye haki ya kumsimika askofu, wala kwamba Papa alikuwa amewafungua raia wa Henry kutoka kwenye kiapo cha kumtii.

Likizo ile niliweka kando madaftari ya miaka nikashika kitabu kimoja, Cur Deus Homo, yaani "kwa nini Mungu alifanyika mtu". Mwandishi wake ni Anselm, mtawa wa monasteri ya Bec kule Normandy aliyewekwa kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury mwaka 1093. Alikimaliza mwaka 1098, akiwa uhamishoni Italia baada ya kukosana na Mfalme William II wa Uingereza. Ni mazungumzo kati yake na mtawa mwenzake, Boso, ambaye haoni haya kuuliza yale ambayo wengi wetu huyameza tu kanisani.

Mara ya kwanza nilidhani nimekielewa. Mara ya pili nikaanza kuandika kila hoja kwa Kiswahili, na hapo nikakwama kwenye neno la Kilatini, satisfactio. Niliandika "fidia", kwa kuwa Biblia yetu imetuzoesha: Mwana wa Adamu alikuja kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi. Lakini fidia hutolewa ili mateka aachiwe. Sasa nani alilipwa? Gregory wa Nyssa, karne saba kabla, alijibu kwamba ni Shetani. Kitabu hiki kinakataa katakata. Shetani ni kama mtumwa aliyemshawishi mtumwa mwenzake amtoroke bwana wao. Hana haki ya kudai chochote. Kwa Anselm, kilichovunjwa ni heshima ya Mungu. Mwanadamu ndiye anayepaswa kulipa, naye hana kitu. Awezaye kulipa ni Mungu peke yake. Basi alipaye lazima awe Mungu na mtu kwa pamoja. Nikafuta "fidia", nikaandika "malipizi", neno la Wakatoliki wa zamani, nikalazimika kurudia kurasa zote nilizokwisha kuandika. Siku tatu zilipita kwa neno moja, wala sizijutii.

Kwa hiyo ukianza somo hili, tafsiri. Hata aya moja kwa siku. Na kila ukurasa ujiulize mwandishi anamjibu nani, maana watu wale walikuwa wakibishana kwelikweli. Anselm alipoandika Proslogion, kitabu chake cha kuonyesha kwa hoja kwamba Mungu yupo, mnamo 1077 na 1078, mtawa mmoja aitwaye Gaunilo alimpinga kwa niaba ya yule mpumbavu wa Zaburi asemaye moyoni hakuna Mungu. Anselm aliandika majibu, kisha akaagiza pingamizi la Gaunilo linakiliwe pamoja na kitabu chake. Nampenda kwa jambo hilo kuliko hoja zake zote.

Usiishie Ulaya, tafadhali. Kule Faras, katika Nubia ya kale, leo kaskazini mwa Sudan, kulikuwa na kanisa kuu lenye picha za maaskofu weusi ukutani. Wanaakiolojia wa Poland walizitoa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kabla maji ya bwawa la Aswan hayajapafunika. Mwaka 1441 watawa wa Ethiopia walikuwa kwenye Mtaguso wa Florence. Hayo kwenye mtihani wetu hayakuwemo kabisa, na hadi leo yananiuma.

Kama Cur Deus Homo ni kizito kwako, anza na sura ya kwanza ya Proslogion. Ni sala tupu, mtu akimtafuta Mungu asiyemwona. Isome kwa sauti, mlango ukiwa umefungwa.