Yaya, tuandike nini kwenye "dhamira ya chuo"?

Juzi usiku umeme ulirudi kidogo hapa Kadutu, mtaa wa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Nikawahi kuchaji simu, na papo hapo ikaingia sauti ya dakika nne kutoka Goma. Ni mdogo wangu mmoja, asistenti katika kitivo cha afya ya umma. Yaya, yaani dada mkubwa, ndivyo anavyoniita. "Jambo Yaya, habari ya Bukavu? Washirika wetu wa Ulaya wanataka ukurasa mmoja: dhamira ya chuo chetu katika afya ya dunia. Doyeni, mkuu wa kitivo, amesema niandike mimi, na wanautaka wiki ijayo. Niandike nini?"

Nilisikiliza mara mbili, nikacheka peke yangu, halafu kicheko kikakatika. Ukurasa huo niliwahi kuuandika mimi.

Ilikuwa karibu miaka kumi iliyopita. Asistenti mpya, sketi moja ya kazi, na hamu kubwa ya kuonekana. Chuo kimoja cha ng'ambo (sikitaji, wenyewe wanajijua) kilitaka ushirikiano. Doyeni akaniazima kompyuta yake kwa siku mbili. Unajua nilifanya nini? Nilifungua tovuti yao, nikachukua dhamira yao, nikabadilisha jina la chuo. "Ubora." "Uvumbuzi." "Mazingira yenye uhaba wa rasilimali." Mimi niliyezaliwa Kadutu nikauita mtaa wetu mazingira yenye uhaba, kama vile nauchungulia kutoka kwenye ndege! Wakaupenda sana. Wangekosaje kuupenda, na maneno ni yao?

Miezi ya mikutano naiacha, haina utamu. Nifike Mwenga, huku Kivu Kusini, tulikokwenda kuchukua damu ya utafiti.

Tulikwenda na glasieri, sanduku la barafu la kubebea sampuli, la buluu, lenye mfuniko uliopasuka, tumeufunga kwa mpira wa baiskeli. Barabara mnaijua ilivyo wakati wa mvua. Kwenye kituo cha afya mama mmoja mzee alikaa kwenye benchi, akanyoosha mkono kabla sijamwomba. Nikatoa damu, nikaandika 87 kwenye tyubu kwa kalamu ya wino mzito. Akashusha mkono wa blauzi polepole, akaniuliza: "Binti yangu, majibu yatarudi lini?" Nikamwambia, "Karibuni, mama."

Glasieri ilirudi Bukavu, sampuli zikapanda ndege. Miaka miwili baadaye makala ikatoka. Jina la doyeni lilikuwa katikati ya msururu wa waandishi. Langu lilikuwa chini kabisa, kwenye shukrani, tena limekosewa herufi mbili. Ninayo hadi leo, nimeitoa kwenye karatasi na kuiweka kwenye droo. Wenzangu wananiambia nisamehe. Nimeshasamehe, ila droo ni yangu.

Mama wa namba 87 hakupata chochote.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Daktari mkuu wa zoni ya afya, yaani eneo lenye vituo vya afya na hospitali yake, alituandikia mara tatu akiomba matokeo ili apange dawa zake. Tukamjibu asubiri. Sisi, watu wa Bukavu! Tuliyolalamikia Ulaya ndiyo tuliyomfanyia yeye, na hatukuona haya, kwa sababu ukurasa wetu wa dhamira haukumtaja popote. Ulitaja "jamii ya kisayansi". Ukiandika kwamba unawajibika kwa jamii ya kisayansi, utaitumikia hiyo, na mama wa kwenye benchi atakaa hapo hapo.

Wadogo zangu, jueni maneno haya yalikotoka. Shule ya tiba ya tropiki ya Liverpool ilianzishwa 1898, ya London 1899, na Wabelgiji walianza yao Brussels mwaka 1906 kabla ya kuihamishia Antwerp. Dhamira yao haikufichwa: biashara na utawala wa koloni visikwamishwe na malaria na malale. Baadaye jina likawa afya ya kimataifa, sasa ni afya ya dunia. Majina yamebadilika, lakini mimi huwa natazama glasieri: inaondoka imejaa, inarudi na nini?

Mwaka 1976 Profesa Muyembe, mtaalamu wetu wa virusi, alikwenda kijiji cha Yambuku kulikozuka homa isiyojulikana, akarudi Kinshasa na mtawa mgonjwa, na damu ikapelekwa Antwerp. Dunia ikavijua virusi vya Ebola, na kwa miaka mingi wasimulizi walimruka yeye. Lakini hakususa. Moja ya dawa zilizojaribiwa Beni na Butembo, huku mashariki, kuanzia Novemba 2018 ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995, na utafiti huo aliuongoza yeye pamoja na Wamarekani. Matokeo yalipotoka Agosti 2019, wagonjwa wa hapa hapa ndio waliokuwa wa kwanza kufaidika. Na nisiwe mchoyo: hao hao wa Antwerp, miaka ya 1970, walikuwa Kasongo kule Maniema wakijaribu pamoja na wauguzi wetu namna ya kuunganisha vituo vya afya na hospitali moja. Zoni za afya tulizo nazo leo zina mizizi huko. Kwa hiyo msiniletee ile hadithi ya mzungu mbaya na Mkongo mzuri. Tazameni dhamira imeandikwaje na nani anadaiwa.

Haya, nirudi kwangu, maana mwezi uliopita nilishinda, na nitajisifu kidogo. Tangu mpox (ndui ya nyani) ya Kamituga, mji wa huku kwetu Kivu Kusini, ilipoijulisha dunia kirusi cha aina mpya, na Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura tarehe 14 Agosti 2024, barua pepe za ushirikiano zinatunyeshea. Safari hii nilisema sisaini kitu mpaka kitivo kiwe na dhamira yake. Nikaandika sentensi mbili, kwa Kiswahili kwanza: "Tunafundisha na kutafiti ili watu wa zoni zetu wapone na waelewe kwa nini waliugua. Majibu yanarudi kwao kabla ya kwenda kwingine." Profesa mmoja akasema haina hadhi, akataka "ubora" iingie. Tulibishana saa mbili. Nikatoka nje na karatasi, nikampa mlinzi wa getini. Rasimu ile ilikuwa bado na neno "mustakabali". Akauliza hiyo ndiyo nini. Nikalifuta pale pale, nikarudi ndani. Baraza likapitisha.

Washirika? Walikubali. Walikubali hata kuweka kwenye bajeti petroli na pikipiki mbili za kurudisha majibu Mwenga. Miaka yote ile hakuna aliyekataa, ni sisi hatukuomba!

Kwa hiyo, mdogo wangu, andika mwenyewe. Usinakili. Majina ya waandishi wa makala yakubaliwe kabla tyubu ya kwanza haijajaa. Weka pesa ya kurudisha majibu. Nasema tena: weka pesa, maana nia bila petroli haifiki Mwenga. Na acheni kukimbilia posho ya semina na kuita hiyo ni afya ya dunia. Chuo kinachosubiri kuambiwa kazi yake kitapewa kazi ya kubeba glasieri, na mkibeba msije kunilalamikia, nimeshawaambia. Namba 87 nimemtafuta. Binti yake anasema alifariki.

Nitumie rasimu yako kabla ya Ijumaa, umeme ukiruhusu. Usiiandike kwanza kwa Kifaransa. Na kama huko getini kwenu kuna mlinzi, mpe aisome kabla yangu.