Barua za kuombea chuo cha udaktari Marekani: mtafute aliyekuona ukifanya kazi, achana na cheo

Juzi binti mmoja wa Kitanzania anayesoma hapa Ohio kanipigia simu saa nne usiku, anaomba chuo cha udaktari mwaka huu na tayari ana majina matatu ya watu wa kumwandikia barua za kumpendekeza: mkuu wa idara ya baiolojia, daktari bingwa ambaye ni rafiki wa baba yake, na mchungaji wao. Nikamwambia mdogo wangu, hiyo orodha tuianze upya yote. Akanyamaza kabisa. Nilijua kaumia, maana orodha yangu ya mara ya kwanza ilikuwa karibu hiyohiyo na mimi sikuwa na mtu wa kuniambia, nikapoteza mwaka mzima na hela za maombi ambazo nilizipata kwa kulala masaa manne tu kwa siku. Ndo maana naandika hapa.

Tatizo letu sisi tuliokulia nyumbani ni kwamba hii kitu hatujawahi kuiona. Bongo ukitaka kusoma udaktari kinachoangaliwa ni matokeo yako ya form six, PCB (fizikia, kemia na baiolojia) imekaaje, unaomba, unachaguliwa au huchaguliwi, hakuna mwalimu anayeulizwa wewe ni mtu wa aina gani. Barua tuliyoizoea ni ile ya serikali ya mtaa. Unaenda kwa mwenyekiti, anaandika kwamba anakufahamu na wewe ni mkazi wake, anagonga mhuri, imeisha hiyo. Kwenye barua ile mhuri ndo kila kitu. Sasa tunakuja huku na akili ileile, tunatafuta mwenye mhuri mkubwa kuliko wote, wakati wenzetu wanaosoma hizi barua wanataka kusikia kisa, huyu mtu ulimwona wapi, alifanya nini, mambo yalipomshinda alifanyaje.

Mimi nilimfuata profesa mwenye jina kubwa kuliko wote idarani. Darasa lake tulikuwa zaidi ya mia mbili kwenye ukumbi, nilipata A, na nilikuwa nimeongea naye mara moja tu kuhusu tarehe ya mtihani. Nikamwandikia imeili, akakubali siku hiyohiyo, nikafurahi nikampigia mama Moshi kumwambia. Mwaka ule sikupata chuo hata kimoja. Kuna chuo kimoja kinawapa waliokataliwa nafasi ya kuongea na mtu wa udahili kwa simu, nikaiomba, yule mama akaniambia kwa upole kabisa: alama zako hazina shida, ila barua zako zinatuambia ulipata A, na hilo tulishaliona kwenye transkripti (karatasi ya matokeo ya chuo). Nilikuwa nimepaki gari nje ya kazini, nikashindwa kushuka kwa muda.

Mara ya pili nikaenda kwa profesa wa kemia ya oganiki, ambaye kwake nilitoka na B+. Watu walinishangaa, unaachaje mwalimu uliyepata A. Lakini mtihani wa kwanza wa huyu mzee nilipata 52, na kuanzia hapo kila Jumanne nilikuwa ofisini kwake, ule muda ambao maprofesa wanakaa kusubiri wanafunzi (wanafunzi wa kwetu tunauogopa, tunaona kama unaenda kumsumbua mkubwa, jamani nendeni, ndo kazi yao hiyo). Nilikuwa naenda na karatasi yangu ya makosa, kila kosa nimeandika kwa peni nyekundu nilidhani nini na kwa nini nilikosea. Siku namwomba barua akafungua droo akatoa kopi ya mtihani wangu wa mwisho, akasema nilikuwa nakusubiri uniombe. Mtu kama huyo ana cha kuandika.

Na namna ya kuomba nayo ni kazi. Usiulize "unaweza kuniandikia barua?" maana karibu kila mtu atasema ndiyo kwa ustaarabu tu. Uliza hivi: unaona unanifahamu vya kutosha kuniandikia barua yenye nguvu ya chuo cha udaktari? Halafu tulia umwangalie. Akisitasita, akisema niko bizi sana muhula huu, mshukuru uondoke, amekusaidia kuliko unavyodhani. Mimi wa pili niliyemuuliza alinijibu kweli tupu kwamba hanikumbuki vizuri.

Sasa idadi. Vyuo vingi vya MD, yaani shahada ya kawaida ya udaktari, vinataka barua mbili za maprofesa wa sayansi waliokufundisha na kukupa gredi, na moja ya profesa wa somo lisilo la sayansi. Vyuo vya DO, yaani vya udaktari wa osteopathia ambavyo navyo vinatoa madaktari kamili, vingi vinataka pia ya daktari, na wengine wanapenda awe DO mwenyewe. AMCAS, yaani mfumo wa mtandaoni wa kuombea vyuo vingi vya MD, inapokea mpaka barua 10 ila hiyo haina maana ujaze zote, kila chuo kina masharti yake, ingia kwenye tovuti yao usome moja moja. Kama chuo unachosoma kina kamati ya premedi, yaani ya wanafunzi wa digrii ya kwanza wanaojiandaa kuomba udaktari, inayotoa barua ya kamati, pitia huko, ukiikwepa utaulizwa kwa nini. Na kama aliyekufahamu kweli ni msaidizi wa profesa kwenye maabara, mwombe aandike yeye halafu profesa asaini pamoja naye, hilo linafanyika sana.

Ya kazini usiidharau. Wengi wetu tunafanya CNA, yaani wasaidizi wa manesi, kwenye nyumba za wazee, na nesi wa zamu amekuona saa tisa usiku kuliko profesa yeyote. Haichukui nafasi ya maprofesa lakini inaongeza kitu ambacho wao hawana. Mimi nilimwomba nesi mkuu wa zamu ya usiku, mama wa Kifilipino, na kabla ya kuandika akaniuliza, nikiandika lile la mguu ni sawa? Kuna bibi nilikuwa namvalisha soksi nikaona mguu mmoja umevimba na una joto kuliko mwingine, nikaenda kumwambia, akapelekwa hospitali, damu ilikuwa imeganda. Mimi nilishasahau, yeye alikumbuka mpaka chumba.

Mchungaji na rafiki wa familia waache, hata kama mama atalalamika. Mama yangu aliniambia mwanangu, baba mchungaji anakujua tangu kipaimara, nikamwambia ni kweli mama, ila huku wanamwona kama ndugu.

Utaulizwa pia kama unaachia haki yako ya kuisoma barua, haki yenyewe ni ya FERPA, sheria ya Marekani ya mwaka 1974 inayompa mwanafunzi haki ya kuona kumbukumbu zake za masomo. Iachie. Najua inatisha, ila barua ambayo mwombaji anaweza kuisoma haiaminiki, na kama unamwogopa mwandishi kiasi hicho basi umekosea mtu.

Omba mwezi wa pili au wa tatu. Fomu ya AMCAS inafunguliwa mwezi wa tano, maprofesa wakishaingia likizo kuwapata ni shida, na vyuo vingi havigusi faili lako mpaka barua zifike wakati nafasi za intavyuu zinaendelea kutoka. Mpe mwandishi CV, transkripti, rasimu ya insha yako, tarehe ya mwisho, na ukurasa mmoja wa vitu mlivyopitia pamoja, kwa mfano mtihani wa 52. Wiki mbili kabla ya tarehe mkumbushe kwa adabu, hawachukii.

Na majibu yakitoka warudie. Mimi nilipata chuo mwezi wa tatu, nikaenda kwa profesa wa kemia siku ya Jumanne muda uleule, akasimama kabla sijafungua mdomo.