Dada wa Chake Chake, hukurudi ulikoanzia

Assalaam alaykum dada yangu. Umeeleza kwamba ajali ya gari uliyoipata mwaka jana ulishaanza kuisahau. Miezi minane unalala, unakula, unakwenda kazini, halafu wiki iliyopita lori likafunga breki karibu yako, ukajikuta umekaa chini barabarani unatetemeka. Mumeo akakwambia, "Bado tu?" Nawe unauliza kama umerudi ulikoanzia. Hukurudi, na nakwambia kwa yaliyonifika mwenyewe.

Mimi nilikuwamo kwenye meli iliyozama mkondo wa Nungwi, baina ya Unguja na Pemba, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011. Tulikuwa tunarudi Pemba baada ya sikukuu, mimi na mdogo wangu wa kiume. Mimi niliokolewa asubuhi, nimening'inia kwenye godoro la sponji na watu wengine wawili. Mdogo wangu hajaonekana hata leo. Maiti zilizoopolewa zilipindukia 200, zikalazwa viwanja vya Maisara, mjini Unguja, watu waje kutambua jamaa zao. Baba alizunguka pale asimwone. Tukamsalia sala ya ghaibu, ya maiti asiyekuwepo.

Lile godoro lilikuwa mzigo wa mtu wa duka, bado limo ndani ya nailoni yake. Usiku kucha nilikuwa nimeikamata ile nailoni mpaka vidole vikaitoboa. Basi mwaka mzima baadaye nililala juu ya mkeka. Mama alidhani ni huzuni ya msiba. Kumbe nikilalia sponji tu, nahisi maji yananipanda kifuani.

Polepole nikawa naanza kutengenea. Halafu Julai 2012 ikazama meli nyingine karibu na Chumbe. Nilisikia redioni, na safari hii nilianguka vibaya kuliko ya kwanza. Ndiyo maana simwamini anayesema kila siku itakuwa nafuu kuliko jana.

Mwaka 2014 nikaolewa, nikajihesabu nimepona kabisa. Siku wanaingiza godoro jipya chumbani, nailoni ikakwaruza kwenye fremu ya mlango. Mlio ule tu. Nilijifungia chooni mpaka magharibi, na mume wangu nje ananibembeleza asijue kakosa nini.

Nilishasomewa, nilishakunywa kombe, yale maji ya kuoshea aya za Kurani zilizoandikwa, na sijutii. Bibi yangu akinisomea Yasini moyo ulitulia kweli. Lakini dua na hospitali havigombani, na hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu kwetu mtu akitajiwa hospitali ya akili huona ameshaitwa mwendawazimu. Mimi nilikwenda, na niliyemkuta huko alikuwa muuguzi mtu mzima, mpole. Hakunitaka nieleze meli yote. Aliniuliza kuhusu godoro. Kisha tukaanza na kipande cha sponji cha ukubwa wa kiganja: nakiweka mapajani, natulia nacho, sikiondoi mpaka moyo upunguze mbio. Baadaye kipande cha nailoni. Baadaye sana, kwenda kukaa gatini Wete nikitazama majahazi. Usijaribu peke yako dada, fanya na mtu anayeijua kazi hiyo. Na vidonge vya usingizi vya jirani viache. Mimi vilinilaza, lakini ndoto zilinisubiri palepale.

Jambo jingine ni tarehe. Kila mwisho wa Agosti nilikuwa nakuwa mkali kwa watoto, chakula hakipiti, wala sijui sababu. Mume wangu ndiye aliyegundua: "Hebu tazama kalenda." Siku hizi tunajitayarisha. Wiki ile sikubali shughuli za watu, dada yangu anakuja kulala kwetu, na tarehe 10 tunamsomea mdogo wetu khitma. Huzuni inakuja vilevile, lakini hainikuti peke yangu. Nawe angalia ajali yako ilitokea mwezi gani. Huenda breki ya lori haikuwa peke yake.

Na mumeo usimchukie kwa lile neno. Wangu naye alilisema. Nikamchukua tukaenda naye, muuguzi akamfahamisha kwamba mwili uliowahi kuponea chupuchupu hushtuka kabla akili haijafikiri. Tokea siku ile haniulizi "bado?", ananiuliza, "Umesikia nini?"

Kama kutetemeka na ndoto mbaya vinaendelea, na kazi au usingizi vinaharibika, nenda hospitali ya Chake, ulizia wanaoshughulika na afya ya akili. Yakikujia mawazo ya kutotaka kuishi, nenda siku hiyohiyo na mtu wa kukushika mkono, usingoje Jumatatu.

Mimi nilivuka bahari tena mwaka 2018, mchana, bandari ya Malindi, Unguja, mpaka Mkoani, Pemba, nimemkamata mume wangu mkono njia nzima. Kurudi nilirudi kwa ndege. Mwaka uliofuata tukakata tiketi tena, nikafika getini Malindi miguu ikakataa. Tukageuka nyumbani kwa shemeji, nikapika, nikala, na usiku nikalala kwenye godoro.