Uchina 65, Ulaya 55, Kenya 32: nani kaahidi kweli?

SWALI: Mhariri salama? Nafuatilia sana hii mikutano ya tabianchi na kila nchi inakuja na asilimia yake ya kupunguza hewa chafu. Uchina wamesema 65, Umoja wa Ulaya 55, sisi Kenya 32, Urusi 30, zote za kufikia 2030. Kwa hesabu ya shule ya msingi mi naona Uchina ndo namba moja na sisi tunaburuta mkia na Urusi. Jamaa yangu mmoja anasema sio hivyo, ila ukimwambia afafanue anaishia kutukana wazungu. Nisaidieni. – Msomaji, Nakuru

JIBU: Jamaa yako yuko sawa, matusi tu ndo hayana kazi. Kabla hujapanga wa kwanza na wa mwisho uliza kwanza ni asilimia ya nini, maana hizo namba zako 4 zimepimwa kwa njia 3 tofauti kabisa na ukiziweka kwenye mstari mmoja zinakudanganya.

Uchina kwanza. Ile 65 sio hewa chafu yenyewe, ni kiasi cha hewa ukaa kwa kila yuan ya uchumi, ukilinganisha na 2005. Sasa chukua kalamu: uchumi ukikua mara 4, na hewa ukaa kwa kila yuan ikashuka asilimia 65, unazidisha 4 kwa 0.35 unapata 1.4. Yaani hewa ukaa imeongezeka asilimia 40 na ahadi imetimia vizuri tu, hakuna aliyedanganya mtu. India nao 45 yao ni ya aina hiyohiyo. Ndo maana Septemba 2025 Xi Jinping aliposema Uchina itashuka asilimia 7 hadi 10 chini ya kilele chake ifikapo 2035, watu wengi mitandaoni wakacheka eti namba ndogo, mi nikaona hiyo 7 ina uzito kuliko ile 65, kwa sababu ni mara ya kwanza wanaahidi kushusha jumla yenyewe. Inatosha? Haitoshi, kwa nchi inayotoa hewa chafu nyingi kuliko zote duniani, ila angalau sasa inapimika.

Urusi nao wanahesabu kuanzia 1990, na hapo ndo pana ujanja wenyewe. 1990 Umoja wa Kisovieti ulikuwa bado upo, viwanda vyake vizito vinafuka usiku na mchana. Ukavunjika mwaka uliofuata, viwanda vikafungwa, na moshi ukaanguka chini kabisa ya huo mstari wa asilimia 30 tangu miaka ya 1990 hiyohiyo, bila sera yoyote ya tabianchi. Ni kama mtu alikonda kilo 20 kwa malaria halafu leo anatangaza ataanza daiti apunguze kilo 10 kutoka uzito wa zamani. Hiyo ni ruhusa ya kunenepa, sio ahadi.

Ulaya pia wanatumia 1990 na wao walifaidika kidogo na viwanda vya Ujerumani Mashariki na majirani zake kufungwa, tusiwape sifa zote. Ila 55 ni jumla halisi, ipo kwenye sheria, na kuifikia lazima ufunge mitambo ya makaa, ubadilishe magari, uumize watu wenye kura. Kwa hizo 4 zako hiyo ndo ngumu kuliko zote kwa aliyeahidi.

Sasa sisi. 32 yetu hailinganishwi na mwaka wowote uliopita, inalinganishwa na makadirio ya Kenya ingekuwaje 2030 kama isingefanya lolote, na makadirio hayo ni tani milioni 143. Toa asilimia 32 unabaki na kama milioni 97. Halafu angalia 2015: tulikuwa milioni 93.7. Kwa hiyo ukiondoa maneno yote ahadi yetu ni kubaki karibu pale tulipokuwa 2015 huku watu na uchumi vinaongezeka. Mi hii njia siipendi, wala sio kwa sababu ya Kenya, ni kwamba anayeandika hayo makadirio ndo huyohuyo anayeahidi, akiyapandisha juu asilimia inapendeza bila kufanya kazi yoyote. Uturuki walitumia njia hiyo, 2022 wakatangaza 41, watu wakapiga makofi, kumbe hewa yao chafu itaendelea kupanda tu.

Lakini usikimbilie kutuweka kapu moja na Urusi. Mkenya mmoja kwa wastani anatoa kama tani 2 hivi za hewa chafu kwa mwaka, Mmarekani anapita 15. Halafu stima yetu karibu yote ni mvuke wa Olkaria, maji, upepo wa Turkana na jua kidogo, hatuna makaa ya kufunga kama Wajerumani, sehemu kubwa ya hewa yetu chafu inatoka kwa mifugo, mashamba na ukataji misitu, sasa nenda kamwambie mfugaji wa Kajiado apunguze ng'ombe uone. Na serikali imesema wazi itabeba asilimia 21 tu ya gharama za kupunguza hiyo hewa, zilizobaki zitoke nje. Kwa hiyo ukiniuliza kama Kenya imejitahidi kwa uwezo wake nitasema imejitahidi kiasi, ila sehemu kubwa ya ahadi iko mfukoni mwa mtu mwingine.

SWALI: Nani anakagua hizi ahadi? Au mtu anaandika tu anavyojisikia? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Anaandika anavyojisikia, ndio. Makubaliano ya Paris ya 2015 yanataka kila nchi ilete ahadi mpya kila miaka 5 na ipite ile ya zamani, ila hakuna faini wala polisi. Biden Desemba 2024 alipeleka ahadi ya Marekani ya asilimia 61 hadi 66 ifikapo 2035, na tarehe 20 Januari 2025 Trump akasaini kujitoa. Wanaobaki ni wapiga hesabu. Wale watafiti wa Climate Action Tracker wanazipa nchi kadhaa alama, na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa pale Gigiri Nairobi, wanajumlisha zote kila mwaka. Ripoti ya UNEP ya 2025 inasema ahadi zote zikitimizwa joto la dunia linaelekea kupanda nyuzi 2.3 hadi 2.5, na kwa sera zilizopo leo ni 2.8. Mi ile tofauti ya kilichoahidiwa na kinachofanyika ndo naiangalia kwanza kila ripoti ikitoka.

SWALI: Mafuta ya Hoima, Uganda, yakishafika kwa bomba hapa Chongoleani, moshi wake unaingia kwenye ahadi ya Tanzania? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ule wa kuchoma hayo mafuta hapana, unaandikwa kwa nchi itakayoyachoma. Wa kujenga na kuendesha bomba upande wenu, ndio, huo ni wenu. Norwe wameishi na utaratibu huo miaka mingi, wanauza mafuta na gesi nje na moshi wa kuyachoma huko hauingii kwenye vitabu vyao.